Siku ya Kumi na Mbili

Nilimuua nguruwe wa mama yangu, tena nilimuua bure. Nyundo haukuishika mkono wangu, lakini kamba niliishika mimi.

Nilikuwa nasomea viinitete vya nguruwe, namna protini zake zinavyobadilika mimba ikiwa changa. Siku niliyoitaka ni ya kumi na mbili. Hapo kiinitete kidogo kama punje ya mtama hurefuka ghafla, saa chache tu, kikawa uzi. Wafugaji wa Igoma niliowauliza walinijibu, "Alipandwa juzijuzi." Juzijuzi haiendi maabara. Mama peke yake ndiye aliyechora mstari wa mkaa ukutani kila asubuhi tangu dume lilipompanda jike wake.

Alininyima mara mbili. Mara ya tatu akasema, "Haya, mchukue, mwanangu. Masomo yako kwanza."

Pigo la kwanza la nyundo ya mchinjaji lilimpata nguruwe jichoni. Alipiga ukelele, akanivuta nikaanguka kifudifudi kwenye damu na mavi, kamba ikinichuna viganja. Mchinjaji alimfuata akipiga popote, pua, shingo, mgongo, huku anatukana. Pigo la tano au la sita likapasua fuvu. Miguu iliendelea kupiga mbio palepale chini. Mama alisimama mlangoni mwa banda, akatazama mpaka mwisho.

Nilishamwambia mchinjaji zaidi ya mara moja: mfuko wa uzazi nipe hivyohivyo, na damu yake, niufukie kwenye barafu niliyoinunua mwaloni kwa wauza samaki. Usiguswe na maji ya moto, maana joto huivisha protini. Akaitikia vizuri kabisa. Nikaenda kunawa, viganja vilikuwa vinavuja damu. Niliporudi, alikuwa anauopoa kwenye pipa linalochemka, lile la kulainishia manyoya, anatabasamu.

"Nimekusafishia, daktari. Msomi kama wewe hawezi kubeba kitu kinachotia kinyaa."

Alikuwa ananiheshimu, na hilo ndilo lililonipandisha wazimu. Niliupasua kwa kisu. Nyuzi zilikuwa zimeganda, nyeupe, kama ute wa yai ndani ya supu. Nikamchapa usoni na ule mfuko, nikamchapa tena, mpaka ukachanika na vipande vikamshuka kifuani. Nilitaka aumie. Hakurudisha hata kofi.

"Sasa nimekosa nini?" aliuliza.

Mama alinishika mabega kwa nguvu. Akaangalia zile nyama chini.

"Alikuwa na watoto?"

Walikuwa wengi. Kwa urefu ule walikuwa wamesokotana, sikuweza hata kuwahesabu.

"Hapana, mama. Hakushika mimba."

"Afadhali," akasema, akashusha pumzi. "Ningejuta maisha yangu yote."

Akamgeukia mchinjaji, akamwomba radhi kwa niaba yangu. Nyuzi zilikuwa zimeninata vidoleni, nikaificha mikono mgongoni.