Vyambo vya Mama Zilpa

Katika kijiji kizima cha Ikonge hapakuwa na mtu aliyeogopa kuchekwa kama Mogaka. Baba yake alikuwa mlevi aliyeimba barabarani siku za soko, shati likiwa mkononi, na watoto wa majirani walimfuata Mogaka mpaka shuleni wakimwimbia nyimbo zilezile. Alipokuwa mtu mzima alijiapiza kwamba hatachekwa tena. Akawa mtu wa shati lililopigwa pasi hata akienda kuchuma majani chai, akafanywa mzee wa kanisa, na mwishowe wakulima wakamchagua kuwa mwenyekiti wa kituo chao cha kupimia majani.

Mkewe Emmah alikuwa mtu wa kuja. Baba yake, Okinyi, alizaliwa upande wa ziwa kubwa, lakini maisha yake yote ya kazi aliyapitisha kwenye ziwa la Naivasha, akiwapigia makasia wageni waliokwenda kuvua besi, yule samaki wa kijani mwenye mdomo mpana. Emmah alikulia ndani ya mashua ya baba yake. Mogaka alimkuta katika soko la Keumbu akisuka watu nywele, na kwa kuwa mume hakujua Kijaluo wala mke hakuwahi kukiweza Ekegusii, lugha ya mumewe, sawasawa, nyumba yao ilikuwa ya Kiswahili tangu siku ya kwanza. Walijaliwa binti mmoja, Zilpa, ambaye sasa ameolewa Kisii mjini.

Okinyi alipofariki, Emmah alirudi kutoka matangani na ufito wa kuvulia na kisanduku cha mbao. Ndani ya kisanduku mlikuwa na nyungunyungu wa mpira, weusi na wa zambarau, vijiko vya bati visivyo na mpini, manyoya ya jogoo yaliyofungwa kwenye ndoana, na kisamaki cha mbao chenye kichwa chekundu, vyote vyambo bandia vya kumnasia samaki. Kisamaki hicho Okinyi alikichonga mwenyewe, na ubavuni kilikuwa kimekwaruzwa rangi na samaki wengi waliokibugia wakidhani ni chakula. Mogaka alidhani ni ukumbusho tu, kitu cha kukaa chini ya kitanda.

Lakini ng'ambo ya pili ya kilima kulikuwa na shamba kubwa la chai lenye bwawa, na mlinzi wa bwawa, mzee aliyeitwa Cleophas, alimwambia Emmah siku moja alipopita saluni kwake kwamba humo mna samaki mwenye mdomo kama mfuko, aliyewekwa na wenye shamba wa zamani. Jumapili iliyofuata Emmah alivaa mabuti ya mpira akaenda. Alirudi jioni na besi wawili, na uso ambao Mogaka hakuwa ameuona tangu Zilpa alipozaliwa.

Mwanzoni Mogaka alifurahi naye. Samaki alikuwa mtamu, na Emmah alikuwa na mengi ya kusimulia mezani. Alieleza kwamba maji yakichafuka baada ya mvua, yeye hupenda nyungunyungu mweusi, kwa sababu samaki humwona kama kivuli. Humtupa karibu na matete, humwacha azame, kisha humburuta polepole. Jua likiwaka, kijiko ndicho bora. Kisamaki cha baba yake alikitumia kwa nadra, maji yakiwa safi na yametulia, na siku hiyo alikuwa kama mtu aendaye kumtembelea mzazi. Mogaka aliitikia kwa kichwa, akala, akachambua miiba.

Kisha siku moja, wakulima wakisubiri lori kituoni, Nyamongo aliyekuwa jirani yake alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote kwamba nyumbani kwa mwenyekiti siku hizi chakula kinaletwa na nyungunyungu. Watu walicheka. Mwanamke mmoja akaongeza kwamba alimwona mke wa mwenyekiti amesimama majini, sketi ameichomeka kiunoni, anavutana na samaki huku vibarua wa kiume wakishangilia. Mogaka alicheka pamoja nao.

Nyumbani jioni ile alimwomba Emmah aache kuvua. Emmah alidhani ni utani.

"Baba Zilpa," alisema, "wiki nzima nimeinamia vichwa vya watu. Pale bwawani ndipo ninaponyoosha mgongo."

Jumapili akaenda kama kawaida. Jumatatu, mkewe akiwa saluni, Mogaka alikitoa kisanduku chini ya kitanda akakipeleka nyuma ya jiko, mahali walipochomea takataka. Alirundika majani makavu ya migomba, akawasha, akavitia vyambo na kisanduku motoni. Nyungunyungu wa mpira walijikunja, wakatoa moshi mweusi unaonuka. Kisamaki cha mbao alibaki nacho mkononi. Kilikuwa chepesi, na kwenye tumbo lake la mbao alihisi alama za kisu cha mkwe ambaye hakumjua vizuri. Pengine angekirudisha ndani. Lakini alisikia nyayo za mtu kwenye njia ya nyuma ya ua, na kwa kuogopa kuonekana na kitu kile mkononi, akakitupa motoni.

Jumapili Emmah alikitafuta kisanduku. Mogaka alimsaidia. Alipiga magoti, akamulika tochi chini ya kitanda alikojua hakuna kitu, akainua magunia, akauliza kama hakukisahau bwawani. Emmah akasema labda. Akaenda kumuuliza Cleophas.

Emmah aliuliza tu, lakini kilimani swali halichukui muda kugeuka kuwa shtaka. Kufikia katikati ya wiki watu walikuwa wakisema mlinzi ameiba kisanduku cha mke wa mwenyekiti. Meneja wa shamba akasikia, akamwondoa Cleophas bwawani na kumpeleka kufyeka nyasi pamoja na vibarua. Nyamongo ndiye aliyeileta habari hiyo kituoni, na wote wakamtazama Mogaka waone atasema nini.

"Watu wa siku hizi," Mogaka alisema.

Hayo tu. Lakini maneno hayo hayakumtoka tena kichwani. Aliyasikia akivaa viatu, aliyasikia kanisani akiwa amesimama mbele kuomba kwa niaba ya wengine. Alikuwa akipita mbali ili asikutane na mzee akifyeka. Nyumbani, Emmah alikuwa mtulivu kupita kiasi. Alipika, akauliza habari za kituo, akalala akiwa ameelekea ukutani.

Alasiri moja Cleophas akaja. Alisimama mlangoni, kofia mkono mmoja, kuku wa kienyeji kwapani. Alikataa kuketi. Alisema yeye hakukiona kisanduku, Mungu ni shahidi, lakini kwa kuwa kilipotea mahali alipokuwa akilinda, ameona alete kuku huyu ili kuwe na amani kati ya nyumba hizi mbili. Alimwita Mogaka mwenyekiti, kwa heshima zote, na akamwinulia yule kuku kwa mikono miwili.

Mogaka alimtazama kuku. Alimtazama mkewe, aliyekuwa amesimama kando ya meza akiwa na kitambaa cha vyombo.

"Mzee, hukuiba kitu," alisema. "Ni mimi niliyekichoma."

Cleophas hakuonekana kuelewa. Ikabidi Mogaka arudie, na mara ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza, kwa sababu alipaswa kueleza ni kwa nini, na alipofika hapo alijisikia akisema kwamba watu walimcheka. Ilisikika kama kisingizio cha mtoto.

"Nilijua," Emmah alisema. Hakupandisha sauti. "Baada ya kumuuliza mzee nilikwenda kuchukua majivu ya kutia kwenye sukuma wiki, nikazikuta ndoana. Nilitaka nione utakaa na siri hiyo mpaka lini."

Cleophas alimrudisha kuku kwapani, akavaa kofia. Alimuaga Emmah. Mkono wa Mogaka, uliokuwa umenyooshwa, hakuushika.

Kesho yake asubuhi Mogaka alikwenda kwa meneja, kisha akaenda kituoni, na mbele ya watu waliokuwa na vikapu vyao mgongoni akasema alilofanya. Alikuwa amejiandaa kwa kicheko. Hakuna aliyecheka. Nyamongo alitazama chini, mama mmoja akafyonya, na lori lilipofika watu waliinuka wakampita bila neno. Ndipo alipojua kwamba kuna jambo baya kuliko kuchekwa. Cleophas alirudishwa bwawani, ingawa haikuwa upesi.

Emmah hakusema amesamehe. Ila Jumapili moja, mvua ikiwa imekatika, Mogaka alimkuta nyuma ya migomba akichimba nyungunyungu wa kweli kwa jembe. Alisimama pale, hajui pa kuweka mikono.

"Shika kopo," mkewe alimwambia.

Alilishika. Alilibeba kopo hilo la nyungunyungu mchana kweupe, akapita nalo katikati ya soko nyuma ya mkewe mwenye mabuti, na kila aliyewasalimia aliona lililomo. Shingo ilimwuma kwa aibu, lakini hakuinama. Bwawani, Cleophas alimsalimia Emmah, akamwonyesha palipokuwa na vyura wadogo, maana besi, alisema, humpenda chura kuliko nyungunyungu. Mogaka hakusalimiwa. Aliketi kwenye nyasi zilizolowa na suruali yake ya pasi, akawa anampa mkewe chambo kila alipokunjua kiganja.

Siku hiyo hawakupata kitu. Jua lilipozama nyuma ya mikaratusi Emmah alikunja uzi, na wote wawili wakaanza kupanda kilima kurudi nyumbani, mke mbele, mume nyuma na kopo mkononi.