Nimeihifadhi, Mzee Mjaka

Mahali alipojificha Ruweida, hapa kazini tulipajua watu wawili tu, mimi na Kificho mlinzi. Jumatatu saa nne asubuhi mumewe akapajua.

Alinipigia mwenyewe kunambia.

"Mzee Mjaka, nashukuru sana." Sauti ya mtu aliyepewa zawadi. "Nipo njiani, naenda Makoongwe kumchukua mke wangu."

Akakata.

Nilikuwa nimebeba gunia la mwani. Likanitoka.

Naandika kama yalivyotokea. Skuli niliacha darasa la sita, basi msitafute maneno ya kupamba. Mie ni mtunza ghala kwenye kiwanda kidogo cha sabuni za mwani huku Wawi, Pemba. Ruweida alikuwa akikata na kufunga sabuni, mwaka wa sita huu. Mumewe ndiye huyo Zubeir.

Mwaka jana alimvunja mbavu, akawaambia watu kateleza kisimani.

Safari hii Ruweida hakungoja mbavu ya pili. Alifungua kesi kwa kadhi kudai talaka, akatoa laini kwenye simu, akavuka kwenda kisiwani Makoongwe kwa mama yake mdogo, Bi Khairiya. Aliniaga mimi kwa sababu mimi ndiye ninayetoa taarifa ya nani kaja kazini na nani hakuja. Kificho alisikia kwa kuwa tulikuwa tumesimama getini kwake.

"Akijua niko wapi ataniua," alinambia.

Hakuwa analia. Ndiyo maana nilimwamini.

Sasa kajua. Na mimi sikumwambia mtu. Nani kabaki?

Nikenda getini mbio, nikamkamata Kificho ukosi.

"Umemwambia nini Zubeir?"

"Mie?" Akanitazama kama nimepagawa. "Mjaka, nitolee mkono shingoni."

Miaka kumi na tisa tunakula sahani moja na yule bwana. Nikamwita mmbea. Nikamwita mla rushwa, wanawake wote wa kiwanda wanasikia. Nikamwambia Ruweida akifa, damu yake iko shingoni kwake.

Alivua kofia ya ulinzi, akaiweka juu ya kiti, akaondoka kwa miguu.

Namba ya Bi Khairiya sina. Nikawapigia polisi wa Mkoani, wakasema watatuma mtu. Watamtuma lini, hawakusema. Nikawasha vespa.

Njia ile naijua kona kwa kona, lakini siku hiyo sikuiona. Kila pikipiki iliyonipita nilidhani ni yake. Nimebeba magunia maisha yangu yote, nimeanguka na lori, nimezika watoto wawili. Hofu kama ile sijawahi kuionja.

Pale pa kuvukia, mwenye boti akanambia nimechelewa kidogo. Kuna mmoja kavuka sasa hivi, kalipia boti nzima peke yake, hata chenji hakungoja.

Nikamwambia anivushe na mimi. Nikakaa chini kwenye boti kama gunia.

Nilipofika kwa Bi Khairiya, nyuma ya msikiti, sikusikia kelele. Ukimya ule ndio ulionimaliza.

Mlango ulikuwa umeng'oka bawaba. Uani majirani wanne wanaume wamemlalia Zubeir, mmoja anamfunga kamba. Bi Khairiya kakaa kizingitini, kabana kanga mdomoni, na kanga imelowa damu. Alisimama mlangoni asimpishe, mwanamke wa miaka sitini na tano.

Ruweida alikuwa ndani, kajibanza pembeni mwa kabati, kaupakata mkono wa kulia kama mtoto mchanga.

Nikashukuru Mungu. Yu hai.

Nikamwambia pole mwanangu, yule aliyekusaliti ni Kificho, nishamshughulikia.

Akanyanyua uso.

"Si Kificho," akasema. "Ni wewe. Zubeir kanisomea ujumbe kabla hajaanza kunipiga. Jina lako limo."

Simu ya Zubeir ilikuwa uani, imedondoka, kioo kimepasuka. Jirani akaniokotea. Mie husoma polepole. Ule ujumbe niliusoma mara moja tu, na mpaka leo naujua kwa moyo.

Zubeir aliiandikia namba ya kiwanda kama mteja. Kaulizia sabuni anazofunga Bi Ruweida, na yeye mwenyewe atampata wapi. Namba ya kiwanda ikamjibu:

"Wa alaykum salaam. Kwa taarifa ya Mzee Mjaka, Bi Ruweida yuko kwa mama yake mdogo, Bi Khairiya, Makoongwe, nyuma ya msikiti, hadi kesi yake kwa kadhi imalizike. Je, ungependa kuagiza sabuni?"

Nikakaa chini pale pale.

Miezi mitatu nyuma, Haroub wa ofisini alituwekea msaidizi kwenye simu ya kiwanda, ile akili mnemba. Mimi kuandika kunanitoa jasho, kwa hiyo kila Jumamosi nilikuwa nazungumza nayo tu, yenyewe inaandika taarifa. Ina adabu kuliko vijana wetu. Huanza na shikamoo, kisha habari za nyumbani, kisha habari za wenzangu. Mimi nimelelewa hivi: ukijuliwa hali, unajibu, na unajibu kwa ukamilifu. Ikaniuliza Bi Ruweida mbona wiki ya pili hayupo, anaumwa?

Nikaieleza yote. Hata msikiti niliutaja.

Nikaiambia, hiyo ni siri.

Ikanijibu: "Nimeihifadhi, Mzee Mjaka."

Nikatulia. Kwetu ukisema umehifadhi kitu, umekilinda. Mungu akuhifadhi, tunaombeana kila siku. Kumbe kwake maana yake kakitia akibani, akija wa kukiuliza ampe.

Haroub alinieleza kwamba taarifa zetu na maswali ya wateja aliviweka pamoja, ili iwe rahisi. Nikamuuliza, ghala langu la sabuni lina kufuli tatu, hilo lako la watu lina ngapi? Siku ya pili akavitenganisha. Ilimchukua saa moja.

Kosa lake lipo. Langu limetangulia.

Ndugu zangu mnaotumia vitu hivi kazini, kikikwambia kimehifadhi, uliza kimemhifadhia nani. Na siri ya mtu usikipe kabisa, hata kikuamkie vipi.

Zubeir yuko rumande. Talaka imetoka.

Na gharama ni hii. Mkono wa kulia wa Ruweida umevunjika mahali pawili, vidole viwili havikunjiki, kisu cha sabuni hakishiki tena. Kazi ya miaka sita imekwisha, kahama Pemba, wapi sikuuliza. Bi Khairiya, meno matatu ya mbele. Kificho, miaka kumi na tisa. Nimekwenda kwake mara nne kumwomba radhi, na mara zote nne kanisamehe. Sahani moja hatuli tena.