Nilimsahihishia mama msiba wake

Wapendwa, ficheni jina langu na la duka langu, maana hapa Butembo, mashariki ya Kongo, tunajuana hadi viatu. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, nina mke na watoto, ninauza misumari, mabati na rangi. Lakini watu hawanijui kwa misumari, wananijua kwa mdomo. Harusi ikinikosa kwenye kipaza sauti, wageni wanauliza kama bwana harusi amefilisika. Kwenye ukurasa huu huwa nasoma visa vya wenzangu nikicheka. Leo nichekeni mimi, au nitukaneni, yote nastahili.

Tuna mtandao wa klabu za kuhutubia, Butembo, Lubero, Beni hadi Mangina. Tunakutana kila wiki kujifunza kusema mbele ya watu bila kutetemeka. Kwetu hotuba haipiti bure. Ukisimama, mmoja anashika saa, mwingine anakusahihisha mbele ya wote: macho yako, mikono yako, hizo "euh" zako. Kisha tunapiga makofi, unasema asante, unakaa. Hata hadithi ya kutunga inaruhusiwa. Mimi mwenyewe nilishamuua baba yangu kwenye hotuba, watu wakalia, nikashinda, na mzee yuko Kipese analima viazi.

Mwezi uliopita viongozi wa klabu zote tulikutana hapa kupanga mwaka: nani aongoze kanda, walimu waende wapi, klabu gani ibaki. Mpango niliuandika mimi, rais wa klabu ya Butembo, na jina langu ndilo lililokuwa linatajwa kwa uongozi. Humo nilipendekeza klabu ya Mangina ifutwe, kwa sababu haikuwa ikituma ripoti wala watu wa mashindano. Najua kuna vita kule, nani asiyejua? Lakini vita ikikaa sana masikioni unaizoea, Mungu anisamehe.

Kiongozi wa Mangina, tumwite Masika, amekimbilia Beni. Alifika kwa pikipiki, amechelewa, kitenge kimejaa vumbi. Tulikuwa hatujawahi kuonana, tulizoea kuongea kwa simu tu, tena mambo ya klabu. Akapewa nafasi aitetee klabu yake. Kwenye programu tulikuwa tumeandika "hotuba ya kushawishi", na msahihishaji wa siku hiyo nilikuwa mimi.

Akasimama macho chini. Akasema kuna kijana mmoja, Muhindo, alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Klabuni akajifunza kusema mpaka akasoma somo kanisani. Siku waasi walipoingia, alipita nyumba kwa nyumba akiita watu wakimbie. Watu walikimbia, yeye hakutoka. Hapo Masika akanyamaza, akajifuta machozi, akaendelea kwamba wanaklabu waliobaki wanakutana Beni, kwenye kiwanja cha parokia, na wanaomba tu wasifutwe. Akanyamaza tena. Mshika saa akainua kitambaa chekundu, mama akakaa bila kumaliza.

Nikasimama. Niliona raha, siwafichi.

"Mama Masika, hadithi ni muzuri, mais hukutuambia ule kijana ni nani kwako. Mutu hawezi kulia mutu mwenye hajue. Tena ulinyamaza sana. Na machozi, uliyaleta mbele ya wakati, yaweke ku mwisho."

Wengine wakacheka kidogo, wote wakapiga makofi. Masika akainamisha kichwa: "Wasingya, président. Asante. Nitajifunza."

Tukapiga kura. Mangina ikafutwa, mimi nikachaguliwa kuongoza kanda.

Wakati wa chai yule mshika saa, mtu wa Beni, akanivuta mlangoni.

"Président, haukujua? Ule Muhindo ni mutoto yake wa kwanza. Hata kuzika hakuzika. Akisema tu 'mutoto yangu', anaanguka. Njo maana alisema 'kijana moja'."

"Na wewe ukaniacha niseme vile?"

"Ulikuwa unasema, président. Nani angekukata?" Akaangalia kile kitambaa mkononi mwake. "Hata miye nilimupandishia hii kitu."

Nilimtafuta Masika uani, nikaambiwa ameshaondoka, dereva aliogopa giza lisimkute barabarani.

Tangu siku ile naona aibu hata kuagiza chai. Mke wangu ananiambia, "Mupigie simu, omba pardon, ni maneno mbili tu." Nimeshika simu mara nyingi, nikaiacha. Mimi ninayesimama mbele ya ukumbi mzima bila karatasi nimekosa sentensi moja. Kila ninayoiandaa najikuta naipamba, hapa nitulie, hapa nishushe sauti. Naichukia sauti yangu. Uongozi sijaanza bado, kuapishwa ni wiki ijayo. Nikijiuzulu watasema ni unyenyekevu, watanipigia makofi. Nikikiri mbele ya klabu zote, nitamtonesha yule mama kidonda chake mbele ya watu mara ya pili. Nikiirudisha Mangina kimyakimya, nitakuwa nimejificha nyuma ya cheo.

Na jana, nikiwa bado nahesabu woga wangu, Masika akanitumia ujumbe wa sauti. Hakuna hasira ndani yake, hata kidogo. Ningemshukuru Mungu kama angenitukana. Anasema hivi:

"Bonjour, président. Ile makosa yenye ulinionyesha, nimeyatengeneza. Nafanya mazoezi kila asubui. Sasa naweza kusema Muhindo ni mutoto yangu, na silie mpaka ku mwisho. Donc, naomba unisikilize tena, juu ya batu ba Mangina. Ukiona ni muzuri, utaturudisha?"

Nimeusikiliza mpaka mke wangu akaninyang'anya simu. Bado sijajibu. Ndugu zangu, ninyi mlio mbali na aibu hii, niambieni: huyu mama nimwambie nini?