Miguu ya Pontien

Pontien alikuwa mpakuzi wa mizigo bandarini Kalemie, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na miguu yake ilijulikana kuliko yeye mwenyewe. Mwenzake akishikwa na mgongo baada ya kushusha magunia ya unga, alilala kifudifudi juu ya turubai. Pontien akavua viatu, akatembea juu ya mgongo wake polepole, kisigino baada ya kisigino. Mtu aliinuka anacheka. Basi mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu alisifiwa miaka ishirini.

Mwaka wa 1989 mkewe Adrienne, mama wa miaka sitini aliyeuza ndakala, dagaa wa ziwani, aliinua beseni lake akapatwa na maumivu makali kiunoni. Hakuanguka, hakujikwaa. Pontien hakuomba shauri kwa mtu yeyote. Alitandika mkeka, akampanda mgongoni kwa miguu yake. Tangu siku hiyo mama wa watu hakusimama wima. Ilimchukua Pontien wiki tatu nzima kukubali kumpeleka hospitali, na Martine, dada yake Adrienne, akawafuata.

Dokta Grégoire aliinua dirishani picha ya radio, ile inayoonyesha mifupa. Pingili moja ya uti wa mgongo ilikuwa imebonyea kama kopo lililokanyagwa.

“Kule Ulaya sasa wanapitisha sindano nene mpaka ndani ya mufupa,” alisema. “Wanaingiza dawa kama simenti, inaganda, inaushikilia. Hawapasui mugongo. Mimi hapa niko na korse ya plasta tu, ya kumufunga kiuno. Lakini uniambie kweli, Mama: ulianguka? Muntu akianguka, mufupa unapona, kisha miezi mitatu anarudia kazi yake. Kama ulivunjika bila kuanguka, mifupa yako yote imelegea, na beseni usibebe tena hata siku moja.”

“Nilianguka, Dokta. Kwa ngazi za soko,” Adrienne alijibu bila kupepesa macho.

Dokta akamgeukia mume. “Umefanya vizuri kumuleta, Papa. Wengine wanaachaka tu.”

Afadhali angemtukana. Pontien aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka. Akinyamaza, mkewe atarudi kwenye beseni, na pingili nyingine itavunjika. Akisema, Martine atasikia, na Martine akisikia, Kalemie nzima imesikia.

“Hakuanguka,” alisema, akitazama chini. “Njo mimi nilimuvunja. Nilimukanyaga mugongo na hii miguu yangu. Nilizani namuponya.”

Martine alishika mdomo. Dokta hakumkaripia, ingawa Pontien alitamani sana akaripiwe. Alifuta mstari mmoja kwenye karatasi, akaandika mwingine: beseni, hata siku moja; akatoka kwenda kutafuta plasta.

Pontien aliinama karibu na kitanda. “Juu ya nini ulidanganya?”

Adrienne alikuwa ameelekea ukutani.

“Kosa haiko yako peke yako. Hatua ya pili nilisikia mufupa unavunjika,” alisema. “Lakini ulikuwa unaimba, papa wa Viviane wetu. Siku mingi sikukusikia ukiimba. Nikasema, acha amalize.”