Kimeangukia Kibondo

Mawese yakianza kuchemka, harufu yake hunirudisha uani kwa bibi, jioni ile mwanga wa kijani ulipokatiza angani hata kuku wakapiga kelele bandani.

"Kimondo hicho, bibi!" alisema mwalimu mpangaji wetu, mtu wa pwani.

Bibi alizoea Kiha, Kiswahili alikiokoteza. Mwiko ukamdondoka. "Kibondo? Kimeangukia Kibondo?"

Mama alikuwa huko, hospitali, kujifungua. Mwalimu alieleza, akarudia, lakini bibi alikuwa ameshaanza kulia, nami sikujua nimwamini nani.

Mama akarudi na mtoto mwekundu, kapakwa mawese, anang'aa. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilimfunua taratibu, nikatafuta palipoungua.