Sudi, fundi sofa aliyekijua kiti kilichowashinda wazungu

Pwani nzima, kuanzia Tangini mpaka Mlandizi, hajazaliwa kijana mwenye jicho la samani kama mimi. Nipe kiti sekunde tatu, nakutajia mbao, fundi aliyekitengeneza, na kama mwenye nyumba ana mke mkali. Waliomaliza chuo wananiita bosi.

Lakini aliyenipa hilo jicho tumemzika jana Kisarawe, na kichwa changu kinakataa. Kinakataa kabisa!

Sudi. Homa ya siku tano tu, halafu napigiwa simu niko juu ya bodaboda, naambiwa njoo na kanzu.

Nimekasirika, wanangu. Leo sina maneno matamu.

Wewe uliyeposti picha yako mwenyewe na miwani ya jua, ukaandika "RIP bro, tumetoka mbali". Mmetoka mbali wapi? Sudi ulimjua alipokushonea kochi, ukamsumbua wiki mbili kwa rangi ya vifungo!

Na yule mzee wa pale msibani (shikamoo, najua mwanao anakusomea hapa) uliyesema marehemu alikuwa fundi mzuri ila alipoteza muda na makatuni ya wazungu. Makatuni? Mzee wangu, nakuheshimu, lakini hapo umeteleza.

Zile ni tamthilia za zamani za anga za juu. Watu wamevaa nguo za kubana kama soksi, chombo kikitikisika wote wanaangukia upande mmoja. Watengenezaji walichukua viti vya maofisini na mahotelini vya enzi zao, wakavipaka rangi ya fedha, wakatuambia haya ndiyo maisha ya miaka elfu ijayo.

Sasa duniani kuna watu wanatafuta kila kiti kilichoonekana mle: kinaitwaje, kimetoka kiwanda gani. Wana group lao mtandaoni, wamejaa humo, na wanabishana kama wanagombea shamba.

Sisi tulikuwa tunaangalia kwenye simu yangu, saa ya msosi, karakana kwetu Tangini. Sudi alikuwa na kitochi, simu ya vitufe isiyo na intaneti.

Mimi macho kwenye mapigano. Yeye: "Rudisha nyuma. Simamisha hapo. Huyu dada angesogea kidogo, amekalia ushahidi."

Alikuwa haangalii mgongo wala kitambaa. Anatafuta mguu unapoungana na kikalio. Anaweka tepu juu ya kioo cha simu, anapima goti la mwigizaji mpaka sakafuni, kisha anachonga mfano kwa mabaki ya mbao na kunikalisha mimi. Kama sikai kama yule wa kwenye picha, basi siyo chenyewe.

"Kaa kama kapteni, bwana! Umekaa kama unasubiri chipsi."

Bosi wetu akipita anafoka, "Nyie, kochi la mteja wa Mbwawa lina deadline!" Sudi anamjibu bila kuinua kichwa, "Bosi, hii ni research." Mwisho bosi naye akawa anavuta stuli achungulie.

Kulikuwa na mtambo mmoja kwenye chumba cha injini cha kile chombo cha kwenye tamthilia. Mikono minne ya chuma imechomoza, katikati kuna duara lenye matundu. Group zima lilikuwa limeshindwa kuujua, miaka na miaka. Huyu anasema kipande cha ndege, yule anasema redio ya jeshi.

Sudi akautazama mara moja, mdomo umejaa misumari. Akaitema yote kiganjani.

"Oya. Kiti hicho."

"Kiti kiko wapi hapo? Acha mambo yako."

"Kimepinduliwa, miguu juu. Wao wanajua pa kukalia tu. Sisi tunashinda chini ya viti kutwa."

Na akakijua ni kipi! Shangazi yake Kisarawe alikuwa nacho, kilitoka kwenye ofisi moja ya zamani, amekiwekea ndoo ya maji. Jumapili tukawasha pikipiki.

"Shikamoo shangazi. Tunakipindua hiki."

"Marahaba. Pindueni, ila mkirudishe. Ndoo yangu si ya kukaa chini."

Nikapiga picha. Matundu yale yale, mikono ile ile, na chapa ya kiwanda inasomeka vizuri. Sudi akacheza peke yake uani, bila muziki.

Alitaka kitu kimoja tu. "Andika jina langu. Lote, na la baba. Mimi sijawahi kuandikwa popote zaidi ya kadi ya kliniki."

Nikaposti mimi kwa simu yangu, group likapasuka! Simu ikawa ya moto kwa komenti. Mmoja akauliza kama Afrika kuna viti. Nikamjibu kwa English yangu ya form two, "We sit, you talk." Na nyie wa hapa nyumbani, makochi ya mastaa mnayashea mpaka kucha zinauma, hilo hamkulike hata mmoja. Aibu yenu!

Sudi akamwambia kila mtu kwamba ameandikwa. Wateja, imamu, muuza maji. Mama yake ndiyo kila siku.

Jana tumetoka makaburini, mama akanishika mkono hataki kuuachia. "Mwanangu, nasikia mwenzio ameandikwa huko kwa wazungu. Hebu nioneshe jina lake nilione."

Nikamwambia mama, bando limeisha.

Bando lilikuwepo.

Basi komenti za pole mniwekee mbali, sizitaki.

Sudi, kaka yangu, pumzika kwa amani huko uliko, Mola akupokee vizuri. Uliniuliza, "Jina langu umeliandika?" Nikakujibu nimeliandika, ukanikumbatia mpaka nikakosa pumzi.

Niliandika langu.