Hasina Alivyoifunga Seva

Hasina Abdulatif alikuwa mtu wa kompyuta katika shirika la mbegu pale Kitui, na Oktoba ile ya mwaka wa tisini na nane alitamani kuibeba seva yao akaitupe Mto Kalundu. Haki ya Mungu, angeitupa.

Kisa ni takataka. Seva, ile kompyuta iliyopokea na kutuma imeli zote za shirika, ilikuwa wazi kwa kila mpita njia. Watu wasiojulikana, sijui wa ng'ambo gani, waliigundua wakawa wanapitishia humo matangazo yao. Na matangazo ya nini? Dawa ya kupunguza unene! Kitui, mwaka wa njaa, watu wanakula mara moja kwa siku, na laini yao moja ya simu imejaa dawa ya kupunguza unene. Siku ya kwanza Hasina alicheka. Siku ya pili hakucheka.

Maana wafadhili walikuwa wamezizuia imeli za Kitui. Kila alichotuma kilirudi: kwenu kunatoka takataka, hatupokei. Na mbegu za ndengu za msimu zilikuwa mikononi mwa wafadhili hao hao. Ukambani, mvua ya Novemba ndiyo mvua. Asiyepanda mapema, asitarajie kuvuna. Vituo vya Kyuso, Mbumbuni na Sultan Hamud vilitakiwa kutuma maombi ya wakulima kwa imeli, shirika liyapeleke mbele, mbegu zifike mapema.

Bwana Nzioka, mkubwa wake, kila mara alikuwa mlangoni.

"Madam Hasina, bado tu? Si ni kitu ya kufunga tu?"

"Kufunga ni rahisi, Bwana Nzioka. Kazi ni kufunga na watu wetu wabaki ndani."

"Basi fanya haraka."

Haraka! Kana kwamba anasonga ugali. Modemu inalia, laini inakatika, anaanza upya. Aliwapa makarani wa vituo, kila mmoja jina lake na paswadi ya kuingilia, akawasomea kwa simu herufi moja moja, huku Muthoki, karani wa Kyuso, akipiga kelele upande wa pili, "Umesema M ama N?" Mwishowe Muthoki akatuma imeli ya kujaribu kwa jina lake, ikapita. Alhamdulillahi.

Kesho yake mfadhili mmoja akapiga simu kutoka Nairobi. Alitaka kujua ni lini Bwana Nzioka alianza kuuza dawa ya kupunguza unene. Kumbe wale wezi, kabla ya kufungiwa, walikuwa wakiandika jina la Nzioka kama ndiye mtumaji.

"Jina yangu!" Nzioka alifoka. "Mimi mzee wa kanisa!"

Hasina, amechoka na njaa inamuuma, akaongeza sheria moja, wasije wakaiba na paswadi: jina lililoandikwa kwenye imeli lazima liwe la yule aliyeingia na paswadi. Yakitofautiana, seva iitupe imeli hiyo kimya kimya, bila kumjulisha mtumaji, kwa sababu majibu ya kurudisha nayo yalikuwa yanaijaza laini. Vituo hakuviambia. Alikuwa ameshiba simu za kupigiana kelele.

Basi mambo yakanyooka. Wafadhili wakafungua njia. Asubuhi Hasina aliangalia idadi ya zilizotupwa, akamwambia Nzioka kwa furaha, "Tumewanasa tena!" Maombi ya Mbumbuni yakaja, ya Sultan Hamud yakaja. Kyuso, zii.

"Wamenyamaza, maanake wako na mbegu yao," Nzioka alisema. "Hatuwezi kungoja mtu analala."

Hasina alisitasita. Lakini imeli ya Muthoki si ilipita? Njia si ipo? Akaendelea na kazi yake. Malori yakaenda Makueni, kwa watu wa Mbumbuni na Sultan Hamud, na mbegu zote.

Muthoki alikuja Kitui mwenyewe, siku ya mvua ya kwanza, viatu mkononi na matope hadi magotini.

"Dada Hasina, mbegu zetu ziko wapi? Nilituma maombi ya vikundi vyote. Mashine ikasema yameenda."

"Ulituma kwa jina lako?"

"Langu? Maneno ni ya Mzee Ndululu, ni ya mama Mutindi. Mimi ni nani niweke jina langu juu ya maneno ya wazee? Kila imeli, pale pa mtumaji, niliandika jina la mwenye maneno."

Astaghfirullah. Hasina alitaka kumgombeza, akaacha. Binti wa watu alikuwa ameshika adabu, kama alivyolelewa.

"Tuseme mashine iliharibika," Nzioka alishauri.

"Nenda kaseme wewe," Hasina alimjibu kwa hasira, akachukua ufunguo wa gari, akaondoka na Muthoki.

Kyuso wakulima walikuwa wamejikinga mvua ndani ya kanisa. Walipoliona gari la shirika wakapiga vigelegele, vijana wakatoka mbio kwenda kupakua magunia. Hasina aliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Akasimama mbele yao.

"Hakuna mbegu. Maombi yenu yalifika Kitui. Mimi ndiye niliyeyatupa, nikidhani ni ya wezi."

Mutindi, mama mzee aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha akina mama, akauliza taratibu, "Uliyasoma kwanza?"

"Hapana, mwaitu," Hasina alisema, akimwita mama kwa Kikamba. "Sikuyasoma."

"Mimi nilikuwa nimeweka debe moja ya ndengu ya kupanda," Mutindi alisema. "Muthoki aliposema mbegu inakuja, nikawapikia watoto."

"Pole, mwaitu," Hasina alisema. Mutindi aliipokea kwa heshima, akajifunika leso kichwani, akatoka kwenye mvua akaenda nyumbani.